Mamluki na Njama katika Riwaya ya Kiswahili ya Kusisimua: Mtazamo wa Kihistoria kutoka Machakos

Utangulizi

Mwanafunzi wa kidato cha tatu leo anaweza kusimulia bila kusita hadithi ya filamu ambayo shujaa wake ni askari wa kukodiwa aliyestaafu. Mzee huyo anaishi peke yake na silaha ameziweka chini. Kisha anafuatwa na watu asiowajua, anaahidiwa fedha au anatishwa, na kabla ya kugutuka amejikuta katikati ya njama kubwa kuliko alivyoelezwa. Hadithi hii imerudiwa mara nyingi na bado inapendwa. Lakini mwulize mwanafunzi huyohuyo akutajie riwaya ya Kiswahili iliyompa mamluki nafasi ya shujaa. Aghalabu hatakuwa na jibu.

Makala haya yanakusudia kueleza kimya hicho. Hoja yetu ni kwamba katika riwaya maarufu za kusisimua za Kiswahili, mamluki na wenzake wamesimama upande wa adui kwa sababu historia ya Afrika Mashariki na Kati iliwaweka huko. Watunzi wetu walipoketi kuandika, mamluki hakuwa mtu wa sinema. Alikuwa habari ya redioni, ng'ambo ya ziwa na ng'ambo ya bahari. Aidha, tutaitazama Machakos, wilaya iliyotoa askari wengi kwa jeshi la mkoloni. Historia yake inaibua swali ambalo riwaya hizo hazikuligusa: mpaka kati ya askari na mamluki uko wapi?

Swali hili lina faida kwa mtahiniwa wa karatasi ya fasihi, maana vitabu vya kutahiniwa vimejaa wahusika wanaotumwa kutenda uovu kwa ujira. Tena lina uzito nje ya darasa, kama itakavyobainika.

Maana ya istilahi

Neno mamluki limetokana na Kiarabu, mamluk, yaani aliyemilikiwa. Liko katika ukoo mmoja na maneno miliki, milki, mmiliki na mamlaka. Katika historia ya Misri, Mamluki walikuwa watumwa walionunuliwa wakiwa vijana, wakafunzwa vita, na hatimaye wakatwaa dola yenyewe na kuitawala kuanzia mwaka 1250 hadi 1517. Neno la Kiingereza la dhana hii lina asili ya Kilatini yenye maana ya ujira. Waingereza walimtaja askari huyu kwa mshahara wake. Kiswahili kimemtaja kwa mwenyewe. Askari wa kukodiwa ni maelezo ya kazi, ilhali mamluki ni hukumu.

Hukumu hiyo imeenea hata mbali na vita. Mchezaji asiye mwanafunzi anayeingizwa katika timu ya shule siku ya mashindano huitwa mamluki. Mwanachama anayepandikizwa katika chama ili akivuruge kutoka ndani huitwa mamluki. Katika matumizi haya hakuna bunduki, lakini maana ya msingi imebaki: mtu amevaa jezi isiyo yake kwa faida ya aliyemtuma.

Njama nayo ni makubaliano ya siri ya kutenda uovu. Kwa Kiswahili njama huliwa, kama vile rushwa na kiapo vinavyoliwa. Aliyekwisha kula hawezi kusema hakuwapo mezani. Msomaji wa Machakos atakumbuka mara moja neno la Kikamba linalofanana nalo, nzama, ambalo ni baraza la wazee. Katika nzama wazee walikata mashauri ya jamii kwa mamlaka iliyojulikana na kila mtu. Mfanano wa maneno haya mawili ni mfano mzuri wa kufundishia. Yote mawili yanahusu watu waliokaa pamoja wakashauriana. Tofauti ni kama wale watakaoathiriwa na uamuzi wanawajua waliouamua.

Hatimaye tutofautishe tanzu. Riwaya ya upelelezi huanza na uhalifu uliokwisha kutendeka, na mpelelezi hurudi nyuma kumtafuta mtendaji. Hivi ndivyo afanyavyo Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Riwaya ya kijasusi huelekea mbele: njama inasukwa, siku zinahesabiwa, na jasusi anapaswa kuizuia kabla haijatimia. Taharuki katika utanzu wa kwanza hutokana na swali la nani. Katika utanzu wa pili swali kuu ni kama shujaa atawahi. Riwaya ya kusisimua ni jina la jumla linaloweza kubeba zote mbili, pamoja na visa vya kufukuzana na kupigana. Wahakiki wengi huziweka riwaya hizi katika kundi la riwaya pendwa.

Usuli wa kihistoria: mamluki halisi

Mwaka 1964 waasi waliojiita Simba waliteka sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo. Jina lao lilikuwa la Kiswahili, na Kiswahili ndiyo lugha iliyowaunganisha watu wa huko. Serikali ya Moïse Tshombe iliwakodi askari wa kigeni, wengi wao Wazungu kutoka Afrika Kusini, Rhodesia na Ulaya. Kikosi chao kilichojulikana sana, Komando ya 5, kiliongozwa na Mike Hoare, aliyezaliwa mwaka 1919, askari wa zamani wa Uingereza aliyekuwa mhasibu kwa taaluma. Mnamo Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji, wakisafirishwa na ndege za Marekani, walishuka Stanleyville, mji unaoitwa sasa Kisangani, na msafara wa mamluki ukaingia mjini siku hiyohiyo. Mwaka 1965 kikosi cha Hoare kilipigana kando ya Ziwa Tanganyika, katika eneo la Fizi na Baraka, dhidi ya waasi waliokuwa wakisaidiwa na Che Guevara na Wakuba wenzake. Upande wa pili wa ziwa hilo ni Kigoma. Kwa hiyo, miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili, kuna waliomjua mamluki kwa macho yao kabla ya kumwona katika filamu yoyote.

Miaka iliyofuata haikumsafisha. Mwaka 1976 Angola iliwafikisha mahakamani mjini Luanda mamluki 13 waliokuwa wamekodiwa katika vita vya nchi hiyo. 4 kati yao waliuawa kwa hukumu ya mahakama na 9 wakafungwa. Mwaka 1977 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha mjini Libreville mkataba wa kukomesha umamluki barani.

Katika visiwa vya Komoro, ambavyo lugha yake ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, hali ilikuwa mbaya zaidi. Mfaransa Bob Denard alishiriki mwaka 1975 katika kumwondoa Rais Ahmed Abdallah. Mwaka 1978 alirudi kwa bahari na wenzake, akampindua Ali Soilih, ambaye aliuawa siku chache baadaye, na kumrejesha Abdallah yuleyule. Kwa zaidi ya miaka 10 walinzi wa rais waliongozwa na mamluki. Novemba 1989 Abdallah aliuawa katika makao yake huku Denard akiwapo; mahakama ya Paris ilimwondolea Denard shtaka la mauaji hayo mwaka 1999. Kisha Septemba 1995, akiwa na umri wa miaka 66, Denard akateremka tena visiwani usiku na watu wasiozidi 40 na kumteka Rais Said Mohamed Djohar. Majeshi ya Ufaransa ndiyo yaliyomwondoa baada ya siku chache.

Shelisheli inatupa mfano ulio karibu kabisa na ile hadithi ya filamu. Baada ya Kongo, Hoare alikuwa amestaafu na kuishi Afrika Kusini. Mwaka 1981, akiwa na miaka 62, alikubali kuongoza mpango wa kumpindua Rais France-Albert René ili kumrejesha James Mancham, aliyeondolewa mwaka 1977. Tarehe 25 Novemba yeye na wenzake zaidi ya 40 walitua katika kisiwa cha Mahé wakijifanya watalii, wanachama wa klabu ya wanywaji bia. Mabegi yao yalijaa vitu vya watoto vya kuchezea, na chini ya vitu hivyo kulifichwa bunduki. Bunduki moja ilionekana wakati wa ukaguzi, mapigano yakazuka uwanjani, na mamluki wengi wakatoroka kwa kuiteka ndege ya Air India hadi Durban. Miongoni mwa walioachwa nyuma na kukamatwa alikuwamo afisa wa idara ya ujasusi ya Afrika Kusini. Hoare alisema mahakamani kwamba silaha zilitoka kwa jeshi la nchi hiyo. Alihukumiwa kifungo cha miaka 10, akaachiliwa mwaka 1985, na akafariki mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 100.

Tuyapime matukio haya. Hoare na Denard walikuwa wastaafu walioitwa tena kazini, na wote wawili waliitikia. Katika filamu, kuitwa huko ni mtihani wa moyo wa shujaa, na mtazamaji huombwa amhurumie mzee asiyeachwa apumzike. Katika historia, gharama ya kurudi kwao ililipwa na wakazi wa visiwa ambao hawakualikwa katika kikao chochote. Jicho la msimulizi ndilo huamua tutamwonea nani huruma: mzee mwenye bunduki begani au karani wa uwanja wa ndege aliyefungua begi.

Riwaya na wakati wake

Tarehe zinasaidia hapa. Mwaka 1974 Mwingereza Frederick Forsyth alichapisha riwaya yake kuhusu mamluki wanaokodiwa kuipindua serikali ya nchi ndogo ya kubuni ya Afrika, na kiongozi wa mamluki hao ndiye shujaa. Mwaka huohuo, Elvis Musiba alichapisha Kufa na Kupona mjini Nairobi kupitia shirika la East African Literature Bureau. Shujaa wake, Willy Gamba, ni jasusi wa Tanzania anayetumwa kuzuia siri za harakati za ukombozi wa Kusini mwa Afrika zisiwafikie maadui. Bara ni lilelile na miaka ni ileile. Forsyth alikaa upande wa wanaoingia kwa bunduki, naye Musiba akakaa upande wa mwenye nyumba.

Mwaka 1978 ilitoka filamu ya The Wild Geese, ambamo Richard Burton aliigiza kanali mzee wa mamluki anayerudi kazini barani Afrika. Mshauri wa filamu hiyo katika mambo ya vita alikuwa Mike Hoare mwenyewe. Mwaka huo ndio Denard alitwaa Komoro. Musiba aliendelea na Kikosi cha Kisasi (1979), inayompeleka Gamba Kinshasa, kisha Njama (1981), iliyochapishwa mwaka uleule wa jaribio la Shelisheli. Hatudai kwamba riwaya ilitabiri tukio. Tunachosema ni kwamba msomaji wa wakati huo hakuhitaji kushawishiwa kuwa njama za aina hii ziliwezekana.

Dar es Salaam yenyewe ilikuwa na sababu za kuamini hivyo. Tangu mwaka 1963 mji huo ulikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Wapigania uhuru kutoka Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini walipanga nyumba, walifungua ofisi na walisoma magazeti humo. Tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa mjini humo kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Mhakiki anayeiita riwaya ya kijasusi ndoto ya mchana akumbuke kifurushi hicho.

Ben Mtobwa, aliyezaliwa mwaka 1958 huko Kasulu na kufariki mwaka 2008, aliuendeleza mkondo huu kwa njia yake. Mpelelezi wake, Joram Kiango, si mtumishi wa serikali kama Gamba. Ni mtu huru mwenye ulimi mwepesi na tamaa za kawaida za binadamu. Hata hivyo, katika Tutarudi na Roho Zetu?, anapokabiliana na njama za utawala wa makaburu, Joram anaingia hatarini kwa ajili ya jambo linalozidi mfuko wake. Hapa ndipo tunapoiona sheria isiyoandikwa ya riwaya hizi. Shujaa anaweza kuwa mlevi, anaweza kupenda wanawake wengi na anaweza kuvunja amri za wakubwa. Kitu kimoja hakiruhusiwi: nia yake haiwezi kununuliwa. Hiyo ndiyo tofauti baina yake na wale anaowapiga.

Sheria hiyo iliipa riwaya nguvu ya maadili, lakini pia iliipunguzia kina. Adui akiwa amekwisha hukumiwa kwa jina lake, mtunzi hana haja ya kuuliza amefikaje hapo. Alizaliwa wapi? Nani alimfunza kuua, na kwa mshahara gani? Gamba na Joram hawana nafasi ya maswali hayo, kwani saa inakwenda. Ili tuyapate, hatuna budi kurudi Machakos.

Machakos: askari wa nani?

Kikosi cha King's African Rifles, maarufu kwa kifupi KAR, kiliundwa mwaka 1902. Hadi kufikia Vita vya Pili vya Dunia, Wakamba walikuwa miongoni mwa jamii zilizotoa askari wengi zaidi kutoka Kenya. Maafisa wa kikoloni walipenda kusema kwamba Mkamba alizaliwa akiwa askari. Maelezo hayo yalificha mengi. Ukame, uhaba wa ardhi na kodi viliwafanya vijana wengi wautafute mshahara wa jeshi, na kwa mpigo mmoja mkoloni akaugeuza umaskini kuwa sifa ya kabila.

Mwaka 1938 uhusiano huo ulijaribiwa. Serikali iliamua kupunguza mifugo ya Wakamba kwa nguvu, ikidai kwamba ng'ombe wengi waliharibu udongo, na mifugo ikaanza kutwaliwa na kuuzwa kwa bei ya chini. Muindi Mbingu, aliyewahi kuwa polisi, aliwaongoza maelfu ya watu kutoka Machakos hadi Nairobi, wakapiga kambi huko wakitaka kuonana na gavana. Baadaye alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini sera ya kutwaa mifugo kwa nguvu iliachwa. Wanahistoria wameonyesha kwamba sababu mojawapo ilikuwa hofu ya serikali kuhusu utiifu wa Wakamba waliokuwa KAR na katika polisi. Askari aliyelinda dola alikuwa na baba kijijini, na baba huyo alikuwa na ng'ombe.

Je, askari wa KAR alikuwa mamluki? Kwa mujibu wa sheria ya kimataifa, hapana. Mamluki ni mtu anayeandikishwa mahususi kwa vita fulani, ambaye si raia wala mwanajeshi wa nchi inayopigana, na anayesukumwa hasa na faida yake mwenyewe. Askari wa KAR alikuwa chini ya himaya iliyomwandikisha na alihudumu katika jeshi lake la kudumu. Hata hivyo, kilio cha 1938 kinatuonyesha kitu ambacho sheria haikisemi. Mamluki hufuata ujira popote unapomwita. Askari wa Machakos alichukua mshahara wa mfalme wa mbali, lakini serikali yenyewe ilijua kwamba haikuwa imemnunua. Ingekuwa imemnunua, isingeogopa.

Baada ya uhuru, wilaya hii iliguswa na njama nyingine. Mwaka 1971 watu zaidi ya 10 walihukumiwa kwa kupanga kuipindua serikali ya Kenya. Miongoni mwa waliofungwa alikuwa Gideon Mutiso, mbunge wa Yatta. Katika kesi hiyo yalitajwa pia majina ya Meja Jenerali Joseph Ndolo, mkuu wa majeshi aliyeanzia KAR, na Kitili Mwendwa, Jaji Mkuu wa kwanza Mwafrika nchini. Wote wawili walijiuzulu mwaka huo, na hakuna aliyeshtakiwa. Mtunzi wa riwaya angepata hapa kila kiungo cha utanzu wake: kikao cha siri, afisa wa jeshi, mashaka yasiyothibitishwa na kustaafu kwa ghafla. Lakini katika riwaya zote tulizozitaja, njama hutoka ng'ambo. Ilikuwa rahisi kumwandika kaburu kuliko kuandika habari za jirani, na katika miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa salama zaidi.

Machakos ilimpa shujaa wa kijasusi hata jina. David Maillu, aliyezaliwa Kilungu wakati eneo hilo likiwa katika wilaya ya Machakos, alimwumba Benni Kamba, jasusi nambari 009, katika The Equatorial Assignment (1980) na kitabu kilichofuata mwaka 1986. Nambari hiyo inamdhihaki kidogo 007 wa Waingereza, na Kamba huyu anapigana na wageni wanaotaka kuitawala Afrika kwa siri. Lakini anazungumza Kiingereza. Kwa nini Mkamba huyo hakuzungumza Kiswahili, ilhali Willy Gamba alikitumia hata alipokuwa Nairobi?

Jibu liko katika soko la vitabu. Nchini Tanzania Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi ya serikali tangu mwaka 1967, na msomaji wa mabasi na vibanda alikisoma kwa raha yake. Nchini Kenya riwaya pendwa ya miaka ya 1970 iliuzwa hasa kwa Kiingereza. Kiswahili kilipofanywa somo la lazima la kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4 kuanzia mwaka 1985, wachapishaji walipata soko jipya, lakini soko hilo lilikuwa darasa. Riwaya ya Kiswahili ya Kenya ikaandikwa ikilenga orodha ya vitabu teule, na orodha hiyo haikuwa na mahali pa Willy Gamba. Walimu tumeipokea hali hii kama jambo la kawaida. Tumewafundisha wanafunzi kwamba Kiswahili husomwa ili kujibu maswali, kisha tunashangaa wanapokwenda kutafuta msisimko katika lugha nyingine.

Mamluki katika vitabu vya kutahiniwa

Ingawa riwaya ya kusisimua haijapewa nafasi kubwa darasani, mamluki mwenyewe yumo. Chukua Kifo Kisimani (2001) cha Kithaka wa Mberia, tamthilia iliyosomwa na watahiniwa wengi wa miaka ya 2000. Mtemi Bokono hawezi kumnyamazisha Mwelusi kwa jela. Njama inaliwa, na anayetafutwa kuitekeleza ni Gege, nduguye Mwelusi, ambaye anaahidiwa kumwoa Alida, binti wa Mtemi. Gege hana bunduki wala hajavuka bahari. Hata hivyo, amepewa bei, amefichwa nia halisi ya aliyemtuma, na amegeuzwa kuwa chombo dhidi ya tumbo lililomzaa. Mtahiniwa anayemwita Gege msaliti tu amesema kweli, lakini amesema nusu. Usaliti unaeleza alichomtendea Mwelusi. Umamluki unaeleza alichotendewa na Bokono.

Kwa hiyo, mtahiniwa anapokutana na mhusika wa aina hii, na ajiulize maswali manne. Kwanza, ameahidiwa nini, na je, ahadi hiyo inatimizwa? Pili, nani yuko nyuma ya anayemlipa? Mlipaji wa mbele aghalabu si mwenye njama. Tatu, upungufu gani maishani mwake uliifanya bei hiyo ionekane kubwa? Nne, mtunzi anatuonyesha tukio kwa macho ya nani? Majibu ya maswali haya yatamtoa katika orodha ya sifa za wahusika, ambapo wengi hukwama, na kumfikisha kwenye maudhui, usukaji wa ploti na mbinu za taharuki. Mathalani, taharuki katika Kifo Kisimani haitokani na kutomjua mwuaji. Inatokana na kumwona ndugu akisogea kisimani huku tukijua alichoahidiwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba riwaya ya Kiswahili ya kusisimua ilimkataa mamluki kwa sababu wasomaji wake waliishi jirani na Kongo, Komoro na Shelisheli. Tumeona pia kwamba ilimkataa bila kumchunguza, na kwamba historia ya Machakos inatupa mizani ya kumpimia: askari ana watu anaowajibika kwao, mamluki ana mwenyewe.

Mizani hiyo inahitajika leo. Baada ya mwaka 2003 maelfu ya Waganda, na baadhi ya Wakenya, walikwenda Iraki kulinda kambi kwa mikataba ya kampuni za kigeni. Mwaka 2025 serikali ya Kenya ilithibitisha kwamba Wakenya walikuwa wameingizwa katika jeshi la Urusi kwenye vita vya Ukraine, na baadhi ya waliorudi walieleza kwamba walikuwa wameahidiwa kazi za kawaida. Kijana aliyedanganywa akapewa bunduki hastahili kuitwa mamluki kwa wepesi, maana hakukubali kazi hiyo. Lakini mtu fulani alikaa katika kikao asichokijua kijana huyo, akaamua bei yake. Vijana hao walipita katika madarasa yetu. Ikiwa somo la fasihi litamfundisha mwanafunzi kuuliza nani yuko nyuma ya anayenilipa, litakuwa limemsaidia mahali ambapo hakuna mtahini.

Mtunzi wa Kiswahili atakayemwandika askari mstaafu wa Machakos, akipigiwa simu usiku na sauti yenye ahadi nono, ana historia ya kutosha ya kumsaidia. Ana KAR, ana 1938 na ana 1971. Ana pia msomaji anayengoja.

Maswali ya kudurusu

1. Tofautisha riwaya ya upelelezi na riwaya ya kijasusi kwa kuzingatia jinsi taharuki inavyojengwa.
2. "Mamluki hutambulika kwa anayemtuma kuliko kwa silaha yake." Jadili kauli hii kwa kurejelea tamthilia au riwaya uliyoisoma.
3. Eleza jinsi mazingira ya kihistoria ya miaka ya 1960 hadi 1980 yalivyochangia kuibuka kwa shujaa wa aina ya Willy Gamba.
4. Andika insha ya kubuni kuhusu askari mstaafu anayepokea mwito wa kurudi kazini. Onyesha uamuzi wake na sababu zake.